logger, systemd-cat au echo: njia ipi ifaayo kuandika kwenye logi ya mfumo?

Skripti inayofanya kazi usiku, wakati hakuna mtu mbele ya kompyuta, haina budi kuacha maandishi yatakayomwezesha msimamizi kujua asubuhi yake ni kitu gani kilitokea. Katika Linux maandishi hayo huweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa amri, na njia zinazotumika zaidi ni tatu: `logger`, `systemd-cat`, na `echo` inayoelekezwa kwenye faili kwa alama ya `>>`. Ipo pia ya nne, ya kuandika moja kwa moja kwenye `/dev/kmsg`, ambayo nitaitaja kwa ufupi tu, kwa sababu wengi wetu hatuihitaji. Zote hufanya kazi, na mara nyingi hufundishwa kana kwamba kuchagua kati yake ni suala la mazoea ya mtu. Lakini umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, au diski ikijaa, au mashine ikikabidhiwa kwa fundi mwingine, ndipo inapobainika kwamba kila moja huhifadhi kitu tofauti na hupoteza kitu tofauti.

Mfano nitakaoutumia ni wa aina ya mashine iliyozoeleka hapa Tanga: kompyuta ndogo yenye Debian (mojawapo ya matoleo ya Linux), iliyowekwa nyuma ya kaunta ya duka la jumla la vipuri kule Ngamiani, ambayo hutunza hesabu za stoo, hutengeneza nakala rudufu kila siku saa nane usiku kwenye diski ya USB, kisha huituma nakala hiyo kwenye tawi la Muheza kwa modemu ya mtandao wa simu. Duka la namna hii halina idara ya tehama. Lina mwenye duka, karani wake, na fundi anayepita anapoitwa. Kwa hiyo maandishi yaliyoachwa na skripti yatasomwa na mtu ambaye huenda hakuiandika yeye.

logger

Amri ya `logger` ina umri mkubwa kuliko Linux yenyewe. Ilikuja na 4.3BSD, ikiwa mlango wa kuingilia kwenye syslog, mfumo wa kupokea na kuhifadhi ujumbe wa programu ambao Eric Allman aliutengeneza miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya programu yake ya barua, Sendmail. Baadaye iliingizwa katika POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya aina ya Unix, na ndiyo maana leo utaikuta kwenye Debian, kwenye FreeBSD, kwenye macOS, na hata kwenye ruta ndogo zinazotumia OpenWrt, ambako huja ndani ya BusyBox, kifurushi cha amri ndogondogo, na maandishi yake husomwa kwa `logread`. Fundi aliyejifunza kuitumia mahali pamoja huweza kuitumia kila mahali, na hiyo pekee ni sababu nzito ya kuipa nafasi ya kwanza.

Matumizi yake ni haya:

`logger -t nakala -p local3.notice "Nakala ya stoo imeanza"`

Chaguo `-t` huweka lebo, yaani jina ambalo ujumbe utatafutwa kwalo. Chaguo `-p` huweka mambo mawili yaliyotenganishwa kwa nukta: kundi la chanzo na kiwango cha uzito. Viwango ni vinane, kuanzia 0 ambacho ni `emerg`, kinachomaanisha mfumo hautumiki tena, hadi 7 ambacho ni `debug`. Namba inavyokuwa ndogo ndivyo jambo linavyokuwa zito. Makundi mengi yana wenyewe, kama vile `mail`, `auth` na `cron`, lakini yale ya `local0` hadi `local7` yameachwa kwa ajili ya matumizi ya mwenye mashine, na skripti za duka zinapaswa kukaa humo. Ndani ya ujumbe, viwili hivyo huunganishwa kuwa namba moja kwa kuzidisha namba ya kundi kwa 8 na kujumlisha kiwango: `local3` ni kundi la 19 na `notice` ni kiwango cha 5, hivyo ujumbe wetu husafiri ukiwa na 157 mwanzoni. Huhitaji kuikokotoa hesabu hii kila siku, lakini utaishukuru siku utakayokuta namba hizo kwenye pakiti ya mtandao na kutaka kujua zimetoka wapi.

Usipoweka chochote, `logger` hutumia `user.notice` na jina la mtumiaji kama lebo. Ujumbe wa namna hiyo, ulioandikwa na `root` (msimamizi mkuu wa mashine) pamoja na mingine mingi ya `root`, ni mgumu kuupata baada ya miezi miwili. Lebo ichaguliwe mapema na isibadilike.

Faida ambayo watu wengi hawaioni hadi wahamie toleo jipya ni kwamba `logger` haijali ni programu gani inayopokea ujumbe upande wa pili. Katika Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, rsyslog, programu inayopokea ujumbe wa syslog na kuuandika kwenye faili, haiwekwi tena kama sehemu ya mfumo wa kawaida, na kwa hiyo yule aliyezoea kufungua `/var/log/syslog` huikosa faili hiyo kabisa. Skripti zenye `logger` hazikuathirika hata kidogo, kwa kuwa journald, sehemu inayotunza logi ndani ya systemd (mfumo unaoanzisha na kusimamia huduma za Linux), ndiyo inayosikiliza kwenye `/dev/log`, mlango unaopokea ujumbe, na ujumbe husomwa kwa `journalctl -t nakala --since yesterday`. Kinachobadilika ni mahali pa kusoma. Mahali pa kuandika pamebaki palepale.

Udhaifu wake upo, na wa kwanza unahusu utambulisho. Lebo ni madai tu: mtumiaji yeyote wa kawaida anaweza kuandika `logger -t sshd "..."` na ujumbe ukaonekana kana kwamba umetoka kwa sshd, programu ya kuingilia mashine kutoka mbali. Journald hujilinda dhidi ya hili kwa kuhifadhi sehemu zake yenyewe, ambazo majina yake huanza na mstari wa chini, kama `_UID` na `_PID`. Hizo hupatikana kutoka kwenye kiini cha mfumo (kernel) na si kutoka kwa mwandishi wa ujumbe. Ikiwa logi itatumika kama ushahidi wa nani alifanya nini, tazama hizo na si lebo.

Udhaifu wa pili ni kwamba kila mwito wa `logger` ni mchakato mpya unaokufa mara tu baada ya kutuma ujumbe. Journald inapokwenda kutafuta mchakato huo ulikuwa wa huduma gani, huenda haupo tena, na matokeo yake ni kwamba ujumbe uliotumwa na skripti iliyo ndani ya huduma ya systemd wakati mwingine haujitokezi unapotafuta kwa `journalctl -u`, ingawa unajitokeza unapotafuta kwa lebo. Aidha, chaguo `-i` huandika namba ya mchakato wa `logger` mwenyewe, ambayo haikusaidii; andika `--id=$$` ili iwekwe namba ya skripti, huku ukijua kwamba journald huikubali pale tu skripti inapoendeshwa kwa haki za root.

systemd-cat, na pale bomba linapodanganya

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa na uzito wa kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kutuma sentensi moja ni jambo jepesi kwa amri yoyote. Kazi ngumu ni kuyakamata maandishi ya programu nyingine, ambayo hukuiandika wewe, pamoja na malalamiko yake ikishindwa. Fundi wengi huandika hivi:

`tar -czf /mnt/usb/stoo.tgz /srv/stoo 2>&1 | logger -t nakala`
`if [ $? -eq 0 ]; then logger -t nakala "Imekamilika"; fi`

Tuchukulie diski ya USB imejaa. Programu ya tar, inayofungasha faili za nakala, inalalamika kwamba hakuna nafasi, lalamiko linapita kwenye bomba (alama ya `|`, inayopeleka maandishi ya amri moja kwa nyingine), `logger` analiandika, na tar anaondoka na namba 2, ambayo kwake ni kosa lisilovumilika. Lakini `$?`, yaani namba ya matokeo ya amri iliyotangulia, baada ya bomba haibebi namba ya tar. Hubeba namba ya amri ya mwisho kwenye mstari, ambayo ni `logger`, na `logger` alifanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo mstari wa pili unaandika kwamba nakala imekamilika, ukifuatana na lalamiko lenyewe mstari mmoja juu yake. Karani aliyeelekezwa kutafuta neno “Imekamilika” ataliona, na ataridhika, hadi siku nakala itakapohitajika.

Tiba ya kwanza ni kuandika `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti, ili bomba zima lihesabiwe kuwa limeshindwa ikiwa sehemu yake yoyote imeshindwa. Bash, mojawapo ya programu zinazosoma na kuendesha skripti, inaielewa amri hiyo, lakini dash, ambayo ndiyo `/bin/sh` ya Debian 12, haiitambui na itaikataa; hivyo mstari wa kwanza wa skripti lazima uitaje bash. Tiba ya pili ni kuachana na bomba:

`systemd-cat -t nakala tar -czf /mnt/usb/stoo.tgz /srv/stoo`

Amri hii hufungua njia ya kwenda journald, huunganisha mkondo wa kawaida na mkondo wa makosa kwenye njia hiyo, kisha hujigeuza kuwa tar. Hakuna bomba, hakuna mchakato wa pili unaosubiri, na namba inayorudi ni ya tar yenyewe. Unaweza basi kutofautisha 1, ambayo kwa GNU tar humaanisha faili fulani ilibadilika wakati inasomwa, na 2, ambayo humaanisha kazi imeharibika. Kwenye duka ambalo programu ya stoo haifungwi usiku, tofauti hiyo ina maana: namba 1 inaweza kustahili onyo tu, namba 2 inastahili simu kwa fundi. Kwa kuwa muunganisho huu hudumu muda wote wa kazi, journald pia hupata nafasi ya kutosha kumtambua mwandishi, na lile tatizo la ujumbe kukosa mwenyewe huondoka.

`systemd-cat` hukubali pia kuwekwa mwishoni mwa bomba kama `logger`, lakini ukiitumia hivyo umerudi kwenye shida ileile, na mkondo wa makosa hautaingia mpaka uuelekeze mwenyewe.

Kuna tofauti moja ndogo kati ya amri hizi mbili ambayo husumbua zaidi ya ukubwa wake. Kiwango cha chaguo-msingi cha `logger` ni `notice`, na cha `systemd-cat` ni `info`, ambacho ni chepesi kwa hatua moja. Fundi akisoma kwa `journalctl -p notice`, ambayo huonyesha kiwango hicho na vilivyo vizito zaidi, sentensi za `logger` zitaonekana na maandishi ya tar hayataonekana, naye atadhani tar haikusema kitu. Njia safi ni kutaja viwango waziwazi: `-p info` kwa maandishi ya kawaida na `--stderr-priority=err` kwa yale ya mkondo wa makosa. Uwezo huu wa kuipa mikondo miwili viwango viwili, bila kuandika skripti ya ziada, `logger` hana.

Kasoro za `systemd-cat` ni mbili. Haipo mahali pasipo na systemd, kama vile Alpine, FreeBSD na ruta zetu za OpenWrt. Na ikishindwa kuifikia journald, hulalamika na kuondoka bila kuiendesha amri uliyoipa. Yaani nakala haitatengenezwa kwa sababu logi haipatikani. Binafsi naona mpangilio huo ni wa kinyume kwa kazi ya nakala rudufu, ambayo afadhali ifanyike kimyakimya kuliko isifanyike kabisa, ingawa nakiri kwamba kwenye mashine nzima yenye Debian hali hiyo ni nadra.

Kabla hujaichagua, jiulize ikiwa unaihitaji. Kazi inayoendeshwa na kipima muda cha systemd, badala ya cron (programu ya zamani ya kuendesha kazi kwa ratiba), huandika kwenye journald yenyewe: chochote ambacho skripti inachapisha kwa `echo` ya kawaida huingia kwenye daftari la journald, kikiwa na lebo uliyoitaja kwa `SyslogIdentifier=nakala`, na mstari unaoanza na `<3>` huhesabiwa kuwa kosa. Kwa cron mambo ni tofauti. Cron hujaribu kumtumia mwenye kazi barua pepe ya ndani yenye maandishi yote, na kwenye mashine isiyo na programu ya barua, ambazo ndizo nyingi, Debian huyatupa maandishi hayo na kuandika kwenye logi kwamba imeyatupa. Anayebaki na cron hana budi kutumia mojawapo ya amri hizi.

Umeme ukikatika

Hakuna mkazi wa Tanga anayehitaji kuelezwa kwa nini sehemu hii ipo. Maandishi yanayosema kwamba kazi imeanza saa 02:00 hayana faida ikiwa yalikuwa bado kwenye RAM umeme ulipozimika saa 02:03.

Journald hupeleka maandishi diskini kila baada ya dakika 5 kwa chaguo-msingi. Ujumbe wa viwango vitatu vya juu, yaani `crit`, `alert` na `emerg`, ndio pekee unaolazimisha upelekaji wa papo hapo. Hii ina maana kwamba ujumbe wa `notice` ulioandikwa kwa `logger` au `systemd-cat` muda mfupi kabla ya umeme kukatika unaweza kupotea, na ukapotea pamoja na majirani zake. Unaweza kupunguza muda huo kwa `SyncIntervalSec` katika `/etc/systemd/journald.conf`, au kuongeza `journalctl --sync` kwenye skripti mara baada ya ujumbe ulio muhimu, kwa haki za root. Nisingeshauri kupandisha kila ujumbe kuwa `crit` ili tu uhifadhiwe haraka. Baada ya wiki chache hakuna atakayeamini kiwango hicho.

Kabla ya hilo, hakikisha kwamba saraka ya `/var/log/journal` ipo. Isipokuwepo, na mpangilio ukiwa ule wa `Storage=auto`, journald huandika kwenye `/run/log/journal`, ambayo iko kwenye RAM na hufutika kila mashine inapozimwa. Faili ya daftari iliyoharibiwa na kuzimika kwa ghafla hubadilishwa jina na kuongezewa alama ya `~` mwishoni, na mpya huanzishwa. Ukiona faili nyingi za namna hiyo, ni wakati wa kununua UPS na si wa kubadilisha amri.

Maandishi ya `echo >>` nayo hukaa kwanza kwenye RAM, ingawa kwa kawaida kiini huyapeleka diskini baada ya sekunde 30 hivi, na amri ya `sync` huyapeleka mara moja. Kwa kigezo hiki peke yake, faili ya kawaida inaishinda journald iliyoachwa na mipangilio yake ya kiwandani.

Suala la saa lina uhusiano na umeme pia. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea zikiwa zimezimwa, kwa hiyo baada ya umeme kurudi huandika muda wa zamani hadi zipate mtandao. Journald huhesabu pia muda tangu mashine ilipowashwa, na kila kuwashwa kuna kitambulisho chake, hivyo `journalctl -b -1 -o short-monotonic` hukuonyesha mfuatano sahihi wa mambo hata saa ya ukutani ilipokuwa si sahihi. Faili ya `echo` yenye `date` mbele haina tiba ya namna hiyo. Weka pia ukanda wa saa kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, la sivyo nakala ya saa nane usiku itaonekana ilifanyika 23:00, na maelezo utakayompa karani kwa simu yatakuwa marefu bila sababu.

echo na faili yake

Nimeisifu `echo` kwa jambo moja, na haki yake ni kusifiwa kwa jingine: faili ya `/var/log/nakala.log` inaweza kufunguliwa na mtu yeyote anayejua kufungua faili. Mwenye duka anaweza kutumiwa nakala yake kwa simu. Haihitaji `journalctl`, wala lebo, wala viwango.

Gharama yake ni kwamba kila kitu ambacho logi ya mfumo hukupa bure, hapa unakitengeneza mwenyewe. Muda lazima uuandike kwa `date`. Ukubwa wa faili lazima udhibitiwe na logrotate, ambayo mtu lazima aipangie. Haki za kusoma na kuandika lazima ziwekwe, na skripti inayoendeshwa na mtumiaji asiye root itashindwa kuandika kwenye `/var/log` bila maandalizi. Journald, kwa upande wake, hujiwekea mpaka: kwa chaguo-msingi haichukui zaidi ya asilimia 10 ya diski, wala zaidi ya gigabaiti 4. Nimekuta mashine iliyosimama kwa sababu faili moja ya `echo` ilikuwa imeijaza diski yote, nayo haikuwa na kitu zaidi ya sentensi moja iliyorudiwa.

Kutuma ujumbe kwenye mashine nyingine

Kwa tawi la Muheza, `logger` ndiye pekee kati ya hawa anayeweza kutuma ujumbe moja kwa moja kupitia mtandao:

`logger -n 10.8.0.1 -P 514 -d -t nakala "Muheza: nakala imepokelewa"`

Mambo matatu yafahamike kabla ya kufurahi. Ukitumia `-n`, ujumbe huenda kule tu na hauandikwi kwenye mashine uliyopo. Anayetaka sehemu zote mbili aite amri mara mbili. Chaguo `-d` ni la UDP, ambayo haina hakikisho la kufika, na modemu ikiwa imekosa mtandao kwa dakika hiyo, ujumbe umepotea na `logger` hatakuambia. `-T` hutumia TCP, ambayo angalau hulalamika muunganisho unaposhindikana. Na maandishi husafiri wazi, bila kufichwa, kwa hiyo yapitishwe ndani ya VPN. Ukomo wa chaguo-msingi wa ujumbe mmoja ni kilobaiti 1, kwa kufuata RFC 3164, waraka wa kanuni za syslog wa mwaka 2001. RFC 5424 ya 2009 ilitoa nafasi zaidi, na chaguo `-S` hukuruhusu kuupandisha.

Iwapo ujumbe wa tawini ni wa lazima kufika, hakuna amri kati ya hizi inayotosha. Andika kwa `logger` hapohapo Muheza, kisha iachie rsyslog yenye foleni ya diskini kazi ya kuusafirisha mtandao utakaporudi. Ndiyo sababu nzuri zaidi ninayoijua ya kuiweka rsyslog kwenye Debian mpya.

/dev/kmsg, kontena, na mashine za Windows

Kuandika kwa `echo "<4>Diski ya USB imechomolewa" > /dev/kmsg` huuingiza ujumbe katika maandishi ya kiini, pale yanapoonyeshwa na `dmesg`. Inahitaji root, nafasi yake ni ndogo na ya mzunguko, na kiini hakikuruhusu kujifanya kuwa ndicho: ujumbe huwekwa alama kwamba umetoka kwa mtumiaji. Inafaa unapochunguza kifaa na unataka alama yako ikae sambamba na maneno ya kiini kuhusu kifaa hicho, au mwanzoni kabisa mwa kuwashwa, kabla journald haijaamka. Vinginevyo iache.

Ndani ya kontena la Docker, yaani programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na mfumo mwingine wa mashine, kwa kawaida hakuna `/dev/log`, na `logger` huweza kuupoteza ujumbe bila kusema neno. Humo chapisha kwa `echo` tu na uiachie Docker.

Kaunta nyingi bado zina Windows, ambako amri inayolingana na `logger` ni `eventcreate`, kwa mfano `eventcreate /T ERROR /ID 101 /L APPLICATION /SO Nakala /D "Diski imejaa"`. Namba ya tukio lazima iwe kati ya 1 na 1000, na dirisha la amri lifunguliwe kwa haki za msimamizi. Wengine hutumia `Write-EventLog` ya PowerShell 5.1, lakini haimo katika PowerShell 7, kwa hiyo kwa skripti itakayodumu naona `eventcreate` ndiyo salama zaidi.

Kwa duka la Ngamiani

Kwa mashine tuliyoanza nayo, ningetumia mbili kwa pamoja: `systemd-cat -t nakala` kuifunga tar na programu ya kutuma, na `logger -t nakala` kwa sentensi za skripti yenyewe, zote zikiwa na lebo moja ili `journalctl -t nakala` izilete kwa mfuatano wake. Namba ya tar ihifadhiwe kwenye kigezo mara baada ya amri, ujumbe wa mwisho uitaje namba hiyo, kiwango kiwe `notice` kazi ikifaulu na `err` ikishindwa, na baada yake iitwe `journalctl --sync`. Faili ya `echo` ningeiongeza kwa sababu moja tu, ambayo ni karani: mstari mmoja kwa siku, wenye tarehe na neno moja la matokeo, uliowekwa mahali anapoweza kuufungua bila kuomba nenosiri la root. Kama siku moja mashine hiyo itabadilishwa kuwa isiyo na systemd, tiba ni mstari mmoja wa `set -o pipefail` na bomba la kwenda kwa `logger`, na sentensi nyingine zote zitabaki kama zilivyo.